UZI: Treni ya mfano inaishiwa nguvu mwisho wa reli, ilhali mita inaonyesha volti zilezile kila mahali

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo yenu juu ya tatizo la umeme kwenye meza yangu ya treni za mfano, nami nitaeleza kwa kirefu ili atakayejibu asilazimike kukisia.

Treni zangu ni za kipimo cha HO, yaani 1:87, na nafasi kati ya reli na reli ni milimita 16.5. Njia kuu inaanzia stesheni ya kwanza, inafuata kuta mbili za chumba, na kuishia stesheni ya pili, jumla ya takriban mita 18. Ninaendesha kwa mfumo wa dijitali wa DCC, ambamo amri za kila kichwa cha treni husafiri ndani ya umeme wa reli, na kikuza mkondo changu, yaani kifaa kinacholisha reli umeme, kinatoa hadi ampea 5 kabla ya kujikata. Katikati ya njia kuna viungo vya plastiki vinavyoigawa sehemu mbili: nusu ya kwanza inalishwa palepale penye kidhibiti, na nusu ya pili inalishwa kwa jozi ya nyaya za milimita mraba 0.5 zinazopita chini ya meza kwa mita 9. Kutoka hapo umeme unasafiri ndani ya reli zenyewe hadi mwisho.

Kichwa kimoja cha treni kikiwa peke yake kinafika mwisho, ingawa kinapunguza mwendo kidogo. Nikiongeza cha pili, vyote viwili vinalegea kuanzia mita ya 13 hivi, taa zinafifia, na kile chenye sauti kinanyamaza kisha kinaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza kimewashwa. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba behewa moja lilipoacha reli karibu na stesheni ya mwisho, kikuza mkondo hakikujikata, na nilitambua kwa harufu ya plastiki inayoungua. Nimeondoa treni zote na kupima volti kila baada ya mita moja, na mita imenionyesha 14.6 mwanzo hadi mwisho. Umeme unapotea wapi ikiwa mita inauona mzima kila mahali?

Fundi Waya

Ndugu mwanzisha uzi, jibu limo ndani ya maelezo yako: uliondoa treni zote kabla ya kupima. Volti zinazosomwa wakati hakuna mkondo unaopita hazisemi chochote cha maana kuhusu njia ambayo mkondo utalazimika kuipita. Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa omu milioni 10, kwa hiyo kwa volti 14.6 mkondo unaoingia ndani ya mita haufiki hata sehemu mbili za milioni za ampea. Mkondo mdogo kiasi hicho unapita kwenye kiungo kilichoshika kutu, au kwenye uzi mmoja wa shaba uliobaki baada ya mingine yote ya waya huo kukatika, na hautapoteza volti inayoonekana. Kichwa cha treni kinapodai nusu ampea kupitia mahali hapohapo, volti moja au mbili zinabaki njiani. Volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Mkondo ukiwa karibu na sifuri, na upotevu utakuwa karibu na sifuri, na mita itakupa picha nzuri ya njia mbovu.

Kwa hiyo usiguse chochote kwanza. Pima tena ukiwa na mzigo. Balbu ya gari ya volti 12 na wati 21 inafaa sana kwa kazi hii kwa sababu inachukua ampea moja na nusu hadi mbili, ambayo ni sawa na vichwa vitatu au vinne vya HO vya siku hizi. Inapata moto, kwa hiyo iweke juu ya kigae au kipande cha bati, mbali na mataruma ya plastiki. Asiye na balbu atumie rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 25 au zaidi. Kwa volti 14 itachukua ampea 1.4 na kutoa joto la karibu wati 20, nayo pia haifai kushikwa kwa vidole. Weka mita upande wa AC. Mita ya kawaida imetengenezwa kwa umeme wa hezi 50 au 60, ilhali mawimbi ya DCC ni ya mraba na yanageuka maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo namba utakayoiona inaweza kutofautiana na thamani halisi. Hilo lisikusumbue, kwa kuwa tunalinganisha mahali na mahali kwa mita ileile.

Kuhusu behewa lililoacha reli, nakuomba usiendeshe treni katika nusu ile ya pili mpaka jambo hili liishe. Kikuza mkondo hakina macho. Kinachokiambia kwamba kuna shoti ni mkondo kuvuka kiwango kilichowekwa. Ukinzani wa njia ukiwa mkubwa, mkondo wa shoti yenyewe unaweza kubaki chini ya ampea 5, na kikuza kitaendelea kulisha kana kwamba kinaendesha treni nyingi. Umeme huo wote unageuka joto kwenye viungo, kwenye nyaya, na pale gurudumu lilipogusana na reli mbili.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, mkuu. Nimetafuta balbu ya aina hiyo na kupima kama ulivyoelekeza. Penye kidhibiti, bila balbu ni 14.6 na pamoja na balbu ni 14.3. Mwanzo wa nusu ya pili, pale nyaya zinapopanda kutoka chini ya meza, ni 13.4 pamoja na balbu. Mwisho kabisa wa njia, bila balbu ni 14.6 ileile, na pamoja na balbu inashuka hadi 9.2. Mwanga wa balbu yenyewe unatofautiana waziwazi kwa macho.

Fundi Waya

Sasa tuna kitu cha kufanyia hesabu. Balbu ya wati 21 ikiwa kwenye volti 9.2 inachukua takriban ampea 1.5. Umepoteza volti 5.4, na ukizigawa kwa 1.5 unapata omu 3.6 za ukinzani kati ya kikuza mkondo na mwisho wa njia. Chukua 14.6 ugawe kwa 3.6: ni ampea 4 tu. Ndiyo maana kikuza cha ampea 5 hakikujikata. Hata ungeweka bisibisi juu ya reli zote mbili pale mwisho, kingeendelea kusukuma karibu wati 60 ndani ya njia yako bila kulalamika.

Hatua inayofuata ni kujua omu hizo 3.6 zimekaa wapi. Acha balbu ikiwa imeunganishwa mwisho wa njia, kisha pima volti kati ya pande mbili za kila kiungo kwenye reli ileile moja, ncha moja ya mita kabla ya kiungo na nyingine baada yake. Kiungo kizima kitakupa karibu na sifuri. Kiungo kibovu kitajitaja chenyewe kwa volti zake. Fanya hivyo kwenye reli zote mbili, kwa maana watu wengi hufuata reli moja tu na kusahau kwamba mkondo unaporudi unapita kwenye ile nyingine. Bonyeza ncha za mita juu ya reli mpaka zikwaruze uchafu, la sivyo utapima uchafu badala ya kiungo. Na kwa kuwa balbu inachemka, iunganishe unaposoma na uiondoe unapohama.

Mpenda Reli

Naomba kuongeza neno, wakuu. Tatizo la namna hii mara nyingi huanza baada ya kupaka reli rangi na kumwaga kokoto kwa gundi ya maji. Rangi na gundi hupenya ndani ya kiungo cha bati kinachoshika ncha mbili za reli, na kiungo kilichokuwa kinapitisha umeme kwa kubana tu kinabaki kinashikilia reli bila kuipitishia kitu. Mimi ningeanza kwa kusafisha njia nzima, kisha nilehemu kila kiungo, na ninaamini tatizo lingekwisha bila kuvuta waya mpya hata mmoja.

Mwanzisha uzi

Kweli nilipaka reli rangi ya kutu na kumwaga kokoto katika nusu ya pili, na sasa naona kwamba dalili zilianza kuonekana baada ya kazi hiyo.

Majibu ya vipimo ni haya. Kiungo kimoja kwenye reli ya upande wa ukuta, kama mita mbili kutoka mwanzo wa nusu ya pili, kinapoteza volti 1.3 peke yake. Nilikibana kwa koleo wakati balbu inawaka na mwanga ukaongezeka papo hapo. Viungo vingine vyote vinapoteza kidogo sana, sehemu za kumi au chini ya hapo. Lakini nikijumlisha sipati volti zote zilizopotea. Nyaya za chini ya meza zinachukua 0.9, kiungo kibovu 1.3, na kikuza chenyewe 0.3. Zimebaki kama volti 2.9 ambazo sioni mwenyewe.

Fundi Waya

Mwenyewe ni reli. Reli nyingi za HO za siku hizi ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki, ambayo huchaguliwa kwa sababu kutu yake haizuii umeme vibaya kama ile ya chuma au shaba nyeupe ya zamani, na si kwa sababu inapitisha umeme vizuri. Shaba safi inaipita zaidi ya mara kumi. Mita moja ya reli ya kipimo chako inaweza kufikia karibu sehemu moja ya kumi ya omu. Nusu yako ya pili ina mita 9 za kwenda na mita 9 za kurudi, kwa hiyo reli pekee zinakaribia omu 1.8, na kwa ampea 1.5 hizo ni volti 2.7. Viungo vidogovidogo vinaongeza kilichobaki. Hesabu imefunga.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu yetu Mpenda Reli, kwa heshima zote. Ukilehemu kila kiungo utarudisha volti 1.3 za kile kibovu na kidogo cha vingine, lakini zaidi ya nusu ya upotevu itabaki palepale kwa sababu imo ndani ya reli yenyewe na nyaya za chini ya meza. Tena njia iliyolehemiwa mwanzo hadi mwisho haina pa kupumua. Aloi hii hutanuka takriban sehemu 16 kwa milioni kwa kila digrii moja ya joto; mita 10 zikipata joto la digrii 20 zaidi zinarefuka milimita 3 na ushei, na mbao za meza nazo hujivuta na kujikunja kwa unyevu kwa kiasi chao wenyewe. Reli isiyo na nafasi itapinda upande kama haikupasua lehemu yake. Lehemu kiungo kwenye kona, ambapo reli inataka kufunguka, na uache viungo vya sehemu zilizonyooka vikiwa huru.

Kazi ya reli ni kubeba treni. Umeme wa masafa marefu uachie shaba. Vuta jozi ya nyaya kuu za milimita mraba 2.5 chini ya meza, kuanzia kikuza mkondo hadi mwisho wa njia, na kutoka kwenye nyaya hizo pandisha matawi mafupi ya milimita mraba 0.5, yasiyozidi sentimita 30, hadi kwenye kila kipande cha reli. Ukifanya hivyo kiungo cha bati hakina tena kazi ya kupitisha umeme, na rangi iliyokiingia haikudhuru. Angalia tofauti kwa namba: mita 18 za waya wa 2.5, kwenda na kurudi, zina robo ya omu. Kwa waya wa 0.5 urefu huohuo ungekuwa na omu 1.24. Tawi fupi la 0.5 halina madhara kwa sababu ni fupi. Kosa ni kuutumia waya huo kwa safari nzima.

Tumia rangi mbili na usizichanganye hata pale unapodhani hakuna atakayeona, kwa mfano nyekundu kwa reli ya upande wa ukuta na nyeusi kwa reli ya upande wako, kila mahali. Baada ya kuunganisha kila tawi, weka sarafu juu ya reli mbili palepale na usikilize: kikuza lazima kijikate mara moja. Kisipojikata, tawi hilo halijaisha. Usisubiri kumaliza matawi yote ndipo uwashe, kwa maana ukikuta shoti baada ya matawi 20 huna pa kuanzia, lakini ukiikuta baada ya tawi la saba basi ni la saba.

Neno la mwisho kabla hujaanza ni kuhusu pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Kama pointi zako ni za aina ambayo kile kipande cha katikati, pale reli mbili za ndani zinapokutana na ambacho wengi hukiita frogi, ni cha chuma na kinapata umeme kutoka kwenye ulimi (kipande cha reli kinachosogea) ulioegemea reli, basi frogi hubadilika upande kila unapogeuza pointi. Ukilisha reli zilizo mbele ya frogi bila kuweka viungo vya plastiki kwenye reli zote mbili za ndani zinazotoka hapo, utapata shoti mara tu utakapoigeuza pointi. Kwa sasa huioni kwa sababu hakuna tawi mbele yake. Weka plastiki kwanza, tawi baadaye.

Mpenda Reli

Nimekuelewa, ndugu, na hesabu ya reli sikuwahi kuiona imewekwa hivyo. Hata hivyo usafi bado una nafasi yake, hasa kwa treni inayokatika kwa mshtuko kila mahali badala ya kulegea taratibu. Nisisitize jambo moja: msasa usitumike. Unaacha mikwaruzo ambayo uchafu mweusi unaishika na kurudi haraka kuliko mwanzo. Kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi na alkoholi ya isopropili kinatosha, na magurudumu yasafishwe pamoja na reli, kwani magurudumu machafu yatairudisha hali ileile ndani ya saa moja. Magurudumu ya plastiki ya mabehewa nayo huacha utando juu ya reli. Nimebadilisha yangu yote kuwa ya chuma na sijajuta.

Fundi Waya

Hapo tunakubaliana kabisa. Umetenganisha dalili mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Treni inayolegea kadiri inavyokwenda mbali inalalamikia ukinzani wa njia. Treni inayoshtuka-shtuka popote inalalamikia mguso kati ya gurudumu na reli, au vile vijibapa vya shaba vinavyogusa magurudumu kwa ndani. Kichwa chenye mipira kwenye magurudumu kwa ajili ya kuvuta kinateseka zaidi, kwa kuwa gurudumu lenye mpira halichukui umeme. Treni inayozimika mahali pamoja tu, safari zote, chunguza mahali hapo hapo: kuna kipande kisicho na tawi, au frogi isiyo na umeme ambayo kichwa kifupi hakiwezi kuivuka.

Msomaji wa DC

Wakuu, naomba niingie na swali linalofanana. Mimi bado naendesha kwa mfumo wa zamani wa umeme wa moja kwa moja, volti 0 hadi 12, na sina dekoda yoyote, yaani kile kifaa ndani ya kichwa kinachosoma amri za DCC. Treni inatembea vizuri kwa muda, kisha inazimika ghafla na hairudi hata nikigusagusa kidhibiti. Nikiiacha dakika chache inarudi yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Je, hiyo nayo ni nyaya?

Fundi Waya

Ndugu yangu, kinachojikata na kujirudisha chenyewe baada ya kupoa ni kinga ya joto iliyo ndani ya transfoma yako. Vidhibiti vingi vya zamani vinatumia kinga ya namna hiyo, ambayo haisikii shoti ya sekunde moja lakini inachoka na mkondo mkubwa unaodumu. Kwa hiyo kuna kitu kinachodai mkondo mwingi kupita uwezo. Kama kidhibiti chako kina uwezo wa ampea moja na injini yako ni ya zamani, inayoweza kuchukua ampea nzima peke yake ikivuta mabehewa mazito, basi umefika mpakani bila shoti yoyote. Unganisha mita ya ampea kwenye waya mmoja kati ya kidhibiti na reli, endesha, na uangalie. Kichwa chenye afya cha HO cha siku hizi hukaa karibu na robo hadi nusu ya ampea. Mkondo ukipanda polepole kadiri dakika zinavyokwenda, gia zimekauka au sumaku ya mota imechoka. Ukiwa juu tangu mwanzo hata bila mabehewa, fungua bodi ya kichwa na uangalie brashi za mota.

Angalia pia magurudumu ya chuma ya mabehewa yako yenye bogi (fremu zinazoshika magurudumu) za chuma. Katika seti nyingi za aina hiyo, gurudumu moja la kila ekseli limetengwa na mwenzake kwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Mtu akiirudisha ekseli kinyume wakati wa kusafisha, mkondo unapita kutoka gurudumu la upande huu, kupitia bogi, hadi gurudumu la upande wa pili, na mguso wake usipokuwa mzuri hauleti shoti kamili bali unanyonya mkondo pole pole. Ondoa mabehewa yote kisha uyarudishe moja moja.

Na usijaribu kuunganisha transfoma mbili kwenye reli zilezile ili kupata nguvu zaidi. Kwa treni za umeme wa AC hilo ni hatari ya maisha: transfoma ambayo haijachomekwa ukutani, lakini imeunganishwa na reli zinazolishwa na nyingine, inafanya kazi kinyume na kuleta volti za ukutani kwenye meno ya plagi yake iliyolala sakafuni. Mtoto akiishika, itamdhuru kama tundu la ukutani.

Msomaji wa DC

Nashukuru sana. Nitaanza na mita ya ampea, kisha mabehewa.

Mgeni wa Kitanzi

Samahani kuchelewa kuingia. Kwangu kila kitu kinakwenda vizuri mpaka treni inapoingia kwenye kitanzi cha kugeuzia mwisho wa njia na kutaka kutoka. Hapo kikuza kinajikata kila mara. Nimesafisha, nimelehemu, nimevuta matawi, hakuna mabadiliko.

Mpenda Reli

Hilo usafi hauligusi, ndugu. Fuata reli ya kushoto kwa kidole: inaingia kitanzini, inazunguka, na kurudi kwenye pointi ikiwa imekuwa reli ya kulia. Umejiunganishia shoti kwa umbo la njia yenyewe. Kata reli zote mbili kwa viungo vya plastiki, mwanzo wa kitanzi na mwisho wake, ili kipande cha ndani kisimame peke yake, na ukilishe kupitia kifaa kinachogeuza chenyewe pande za umeme. Kipande hicho lazima kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu zaidi yenye magurudumu ya chuma, kwa sababu magurudumu yakivuka mapengo ya pande zote mbili kwa wakati mmoja, kifaa hakina jibu sahihi la kutoa. Wenye reli za kampuni ya Märklin zenye mstari wa katikati hawakutani na jambo hili, kwani kwao reli zote mbili za nje ni upande mmoja wa umeme. Sisi wa reli mbili hatuna njia ya kulikwepa.

Mwanzisha uzi

Nimerudi na matokeo. Nyaya kuu za 2.5 zimefika mwisho wa njia, kila kipande cha reli kina tawi lake, na viungo vya plastiki niliviweka mbele ya frogi kabla ya matawi kama nilivyoelekezwa. Balbu ileile, mwisho wa njia, sasa inasoma 13.8. Sarafu inakikata kikuza kila mahali, papo hapo. Vichwa vitatu vinapanda pamoja hadi stesheni ya pili na taa hazitikisiki.

Kumejitokeza jambo jipya. Behewa moja, lilelile lililoacha reli, likipita pointi ya kuingilia stesheni ya pili linakikata kikuza kwa nukta moja, kisha kinarudi. Mengine yote yanapita. Zamani halikuwa linafanya hivyo.

Fundi Waya

Hongera kwa kazi safi. Uwezekano mkubwa ni kwamba zamani lilikuwa linafanya hivyo, ila njia haikuwa na nguvu ya kulipeleka jambo hilo hadi kwenye kikuza. Shoti ya nukta moja kupitia omu 3.6 ilikuwa ampea 4 tu. Sasa ukinzani wa njia ni sehemu ndogo ya omu moja, na mkondo unaruka juu ya kiwango mara moja. Kinga inayofanya kazi huanza kufichua makosa yaliyokuwa yamejificha, kwa hiyo usishawishike kukipandisha kiwango cha kujikata.

Pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu ya behewa hilo kwa kile kipimo cha bati cha viwango vya NMRA, chama cha Marekani cha reli za mfano. Naamini utakuta ekseli moja ina magurudumu yaliyokaribiana mno, na mgongo wa gurudumu unagusa ulimi wa pointi uliofunguka, ambao kwenye pointi za aina yako una umeme wa upande wa pili. Hiyo pia ndiyo sababu inayofaa kushukiwa ya kuacha reli. Vuta magurudumu taratibu huku ukiyazungusha mpaka yakubali kipimo, na hakikisha yanabaki katikati ya ekseli.

Ukitaka kuimaliza kabisa hata kwa mabehewa ya wageni, fungua pointi hiyo, tenga ndimi na frogi, unganisha kila ulimi na reli yake ya nje, kisha frogi uilishe kwa swichi iliyofungwa kwenye mota ya pointi. Ulimi uliofunguka utakuwa na umeme wa upande uleule wa reli iliyo jirani yake, na mgongo wa gurudumu ukiugusa hakuna kitakachotokea.

Mwanzisha uzi

Ekseli ya nyuma ilikuwa imebana kwa zaidi ya nusu milimita. Nimeirekebisha na behewa limepita pointi hiyo mbele na nyuma bila kikuza kujikata. Hiyo ya kutenga ndimi nitaifanya kwa pointi zote tatu za stesheni ya pili kabla sijamwaga kokoto penye pointi hizo, na nitaweka hapa mchoro wa nyaya zake ili atakayefuata aukute.